Hesabu za kikundi cha tamthilia zimekataliwa na wahadhiri wote wawili

Mpendwa Mshauri,

Salamu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasoma uhasibu pamoja na usimamizi wa sanaa. Muhula huu tumepewa kazi moja inayosahihishwa na wahadhiri wawili, mmoja wa kila somo. Tunaandaa hesabu za mwaka za kikundi cha tamthilia cha kubuni, mwaka unaoishia 31 Desemba, kisha tunaiandikia bodi yake ripoti ya maneno 3,000.

Taarifa tulizopewa ni hizi. Ukumbi una viti 300. Msimu una maigizo matano kuanzia Oktoba hadi Machi, kila igizo lina maonyesho 10, na mawili ya kwanza yalimalizika kabla ya mwaka kufungwa. Septemba ziliuzwa tiketi 400 za msimu mzima kwa 500 kila moja. Mwenye nayo anaona kila igizo mara moja. Tiketi ya igizo moja ni 120, isipokuwa igizo la nne lenye bendi, ambalo ni 145. Julai mfadhili alitoa 300,000 za kuendesha warsha 20 za uigizaji mashuleni, na barua yake inasema fedha za warsha zisizofanyika zirudishwe. Hadi Desemba zilifanyika warsha 8. Taa za jukwaa zilinunuliwa 1 Julai kwa 90,000 na zitadumu miaka mitano. Mandhari ya igizo la tatu, linaloanza Januari, ilijengwa na kulipiwa Desemba kwa 36,000. Mtunzi wa igizo la pili bado anadai mrabaha wake, asilimia 10 ya mapato yote ya tiketi; tiketi za moja moja za igizo hilo ziliingiza 240,000. Pia kikundi kilipewa bure chumba cha mazoezi ambacho kingekodishwa kwa 30,000.

Nimepata ziada ya 330,000. Mhadhiri wa uhasibu ameandika pembeni, "Hii si ziada," basi. Urari nao, yaani orodha ya salio za akaunti zote ambamo debiti (kushoto) na krediti (kulia) hutakiwa kulingana, umegoma: debiti imezidi krediti kwa 5,400, nikaifungulia tofauti hiyo akaunti ya muda ili nisonge mbele. Igizo la tatu lina gharama zisizobadilika za 186,000; niligawanya kwa 120 nikaandika kwamba tiketi 1,550 zinatosha kurudisha gharama. Hilo nalo limekatwa. Mhadhiri wa sanaa anasema ripoti yangu "ina nambari nyingi lakini kikundi hakimo". Mimi nilikuwa nimeieleza bodi kwamba hali ni nzuri, maana benki kuna 410,000.

Zimebaki wiki tatu. Rafiki aliyefanya kazi hii mwaka jana amenipa lahajedwali yake, anasema nibadilishe tarakimu tu. Nianzie wapi?

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu

*

Ndugu mwanafunzi,

Pole na kazi. Wahadhiri wako wanalalamikia jambo lilelile, kila mmoja kwa lugha ya somo lake. Wewe umeandika fedha zilizoingia na zilizotoka. Wao walitaka kuona kazi iliyokwisha kufanyika na kazi ambayo kikundi bado kinadaiwa. Hilo likikaa sawa kwenye hesabu, ripoti nayo itapata cha kusema. Kwa hiyo ripoti iweke kando kwanza.

Kabla ya kugusa tarakimu yoyote, rudi kwenye karatasi ya swali utafute kanuni za uhasibu mnazotakiwa kufuata. Kama haikuzitaja, muulize mhadhiri leo. Jibu lake linabadilisha mambo, hasa kwenye ruzuku. Tiketi hazina mjadala mkubwa: kwa IFRS 15, kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu mapato yatokanayo na wateja, iliyoanza kutumika rasmi 1 Januari 2018, mapato huandikwa pale mteja anapopewa kile alichoahidiwa. Aliyelipa Septemba ameahidiwa maigizo matano na ameona mawili. Matatu ni deni lenu kwake.

Hapa wengi huchukua 200,000 wakazigawa kwa tano, wakapata 80,000 za mwaka huu. Si vibaya sana, ila kwenye swali lako kuna mtego: bei ya igizo la nne ni tofauti, na mhadhiri hakuiweka hapo kwa bahati mbaya. Bei ya pamoja inatakiwa igawanywe kwa uwiano wa bei ambayo kila igizo lingeuzwa peke yake. Jumlisha 120 mara nne na 145, unapata 625. Tiketi ya msimu ni 500, yaani asilimia 80 ya hiyo. Basi kila igizo la kawaida linabeba 96 na lile la bendi linabeba 116. Jumlisha uhakikishe: 384 na 116 ni 500. Maigizo mawili yaliyochezwa ni ya kawaida, kwa hiyo mapato ya mwaka huu ni 192 mara 400, sawa na 76,800. Zinazobaki, 123,200, zinakaa kwenye mizania upande wa madeni kama mapato yaliyopokelewa kabla ya wakati wake. Ingizo lenyewe ni debiti mapato ya tiketi 123,200, krediti deni hilo kiasi kilekile.

Ruzuku ya 300,000 inahitaji uisome barua ya mfadhili kwa utulivu, neno kwa neno. Unatafuta vitu viwili: je, kuna kipimo ambacho kikundi lazima kikifikie, na je, kisipokifikia fedha zinarudi? Kwako vyote vipo. Kipimo ni warsha 20, na za warsha zisizofanyika zinarudishwa. Ruzuku ya namna hiyo, kwa kanuni za Marekani za mashirika yasiyo ya faida, haiwi mapato mpaka sharti litimizwe. Kila warsha moja inafungua 15,000. Warsha 8 zimefungua 120,000, na 180,000 ni deni. Kama mfadhili ni serikali na mnatumia IAS 20, kanuni ya kimataifa ya ruzuku za serikali, njia ni nyingine, maana ruzuku hufuata gharama inazokusudiwa kulipia, kipindi kwa kipindi. Hata hivyo kwa warsha zenye gharama sawa utaangukia palepale.

Ila jihadhari na hali inayofanana na hii. Mfadhili akisema tu "fedha hizi ni za warsha za mashuleni," bila kipimo wala kurudisha, hilo si sharti, ni mpaka wa matumizi. Chini ya kanuni za Marekani, na pia zile za mashirika ya hisani Uingereza, fedha hizo mara nyingi huandikwa zote kuwa mapato mara tu haki ya kuzipata inapokamilika, lakini kwenye safu au fungu lake, mbali na fedha huru, zile ambazo kikundi kinaweza kuzitumia kwa lolote. Wanafunzi huchanganya mambo haya mawili kila mwaka, na wanaosahihisha wanajua wapi pa kuangalia.

Taa ni rahisi. Kitu cha miaka mitano hakimalizwi kwenye matumizi ya mwaka mmoja. 90,000 kwa miaka mitano ni 18,000 kwa mwaka. Umezimiliki miezi sita, basi uchakavu ni 9,000. Rudisha 81,000 kwenye mali za kudumu. Swali halikutaja thamani ya mabaki baada ya miaka mitano, kwa hiyo andika kwenye maelezo ya hesabu kwamba umeichukulia kuwa sifuri.

Mandhari ya igizo la tatu inataka hoja, si tarakimu tu. Fedha zilitoka Desemba lakini hakuna aliyeiona hiyo mandhari mpaka Januari. Unaweza kuibeba mbele kama gharama ya kutimiza ahadi iliyouzwa tayari, kwa masharti kwamba gharama inahusika moja kwa moja na onyesho hilo na mnatarajia kuirudisha kwa mapato. Sharti la mwisho ndilo la kuangalia: kama hesabu yako ya tiketi inaonyesha igizo la tatu litapata hasara, huna haki ya kuibeba yote. Na usichukuliwe ukabeba kila kitu. Matangazo ya igizo la tatu yaliyotoka Desemba yanabaki matumizi ya Desemba, kwa sababu IAS 38, kanuni ya kimataifa ya mali zisizoshikika, hairuhusu matangazo kuahirishwa.

Mrabaha wa mtunzi ndipo utakapopoteza alama kwa sentensi moja usiyoisoma vizuri. Mkataba unasema mapato yote ya tiketi. Huku nyuma tumeshagundua kwamba wenye tiketi za msimu nao wamelipia igizo la pili, 96 kila mmoja, jumla 38,400. Ongeza 240,000, unapata 278,400, na asilimia 10 yake ni 27,840. Anayeandika 24,000 amesahau viti 400 vilivyokaliwa. Hakikisha pia kwamba 240,000 ni bei kamili ya tiketi kabla ya kampuni ya kuuza tiketi kukata ada yake. Kwa kawaida kampuni hizo huweka benki kiasi kilichobaki baada ya ada, na mwanafunzi huchukua kiasi hicho cha benki kuwa mapato. Kikundi ndicho kinachouza onyesho, kwa hiyo mapato ni bei kamili na ada ni matumizi. Kuandika hivyo peke yake hakubadilishi ziada, lakini mrabaha unabadilika, na kupitia huo ziada nayo.

Chumba cha mazoezi cha bure kiandike pande zote mbili: mapato ya msaada usio wa fedha 30,000, matumizi ya kodi 30,000. Ziada haitikisiki hata chembe, ndiyo maana wengi wanakiruka. Lakini bodi isipokiona itadhani mazoezi hayana gharama, na siku mwenye chumba akikitaka chumba chake bajeti nzima inaanguka. Usijaribu kufanya hivyohivyo kwa kila mtu aliyejitolea kupanga viti, kwa sababu kanuni za Marekani, kwa mfano, hukubali huduma za kujitolea kuandikwa zinapohitaji utaalamu ambao vinginevyo mngeulipia, au zinapojenga au kuboresha mali ya kikundi.

Sasa panga marekebisho kwa mstari mmoja chini ya mwingine, kama jedwali la kwanza la kiambatisho chako. Ulianza na 330,000. Ondoa 123,200 za tiketi, zinabaki 206,800. Ondoa 180,000 za ruzuku, zinabaki 26,800. Rudisha 81,000 za taa, unafika 107,800. Rudisha 36,000 za mandhari, 143,800. Ondoa 27,840 za mrabaha, unaishia na 115,960. Mhadhiri akiona safari hiyo yote kwa macho, hana haja ya kukukisia.

Bado 5,400 za urari. Usiache kabisa akaunti ya muda kwenye hesabu za mwisho. Ni sawa na kuandika kwamba umeshindwa kuitafuta. Na ina dalili nzuri. Kwanza igawe kwa mbili: 2,700. Kama kuna kiasi cha 2,700 ambacho kilitakiwa kwenda krediti ukakiweka debiti, umeshampata mwizi. Ukikikosa, igawe kwa tisa. Inagawanyika bila baki, jibu ni 600, na hiyo kwa kawaida ni alama ya tarakimu mbili zilizopinduliwa. Sita yenye sifuri mbili inakuambia zaidi: tarakimu zilizopinduliwa ziko kwenye nafasi ya maelfu na mamia, na zinatofautiana kwa sita. Maana yake unatafuta 8,200 iliyoandikwa 2,800, au 7,100 na 1,700, au 9,300 na 3,900, au 6,000 na 600. Debiti ndiyo iliyozidi, basi ama akaunti ya debiti imeandikwa kiasi kikubwa kati ya hivyo viwili, ama akaunti ya krediti imeandikwa kile kidogo. Pitia leja ukiwa na orodha hiyo fupi mkononi, jioni moja inatosha. Kosa likiwa kwenye akaunti ya matumizi, ziada inapanda kwa 5,400 nzima na kuwa 121,360. Likiwa kwenye akaunti ya mali au deni, ziada haiguswi.

Na ujue urari ukilingana haujakupa cheti. Zile 200,000 za tiketi ulizoziita mapato yote zililingana vizuri kabisa, debiti benki, krediti mapato, na zilikuwa makosa.

Tuje kwenye tiketi 1,550. Ulipogawanya 186,000 kwa 120 ulichukulia kwamba kila tiketi ikiuzwa, 120 zote zinabaki mfukoni mwa kikundi. Hazibaki. Angalia kwenye data gharama zinazofuata kila tiketi. Hukuniletea zote, kwa hiyo nachukulia za mfano: mrabaha asilimia 10, sawa na 12, ada ya kampuni ya tiketi asilimia 5, sawa na 6, kijitabu cha onyesho anachopewa kila mtazamaji, 9. Zinazobaki kuchangia gharama zisizobadilika ni 93. Weka tarakimu zako halisi mahali pa hizi, mpangilio utabaki uleule. 186,000 kwa 93 ni tiketi 2,000, kati ya viti 3,000.

Wengi huishia hapo na kupata alama ya wastani. Endelea. Viti 400 tayari ni vya watu wa msimu: kila mmoja analeta 96, anatoa mrabaha 9.60 na kijitabu 9, hakuna ada ya tiketi, inabaki 77.40. Jumla yao ni 30,960. Halafu kuna tiketi za bure, za wanahabari, wafadhili na jamaa za waigizaji. Chukulia 20 kwa kila onyesho, viti 200 kwa igizo zima, visivyoleta chochote ila vinakula vijitabu vya 1,800. Kwa hiyo gharama zinazosubiri tiketi za moja moja ni 186,000 kuongeza 1,800 kutoa 30,960, yaani 156,840. Gawanya kwa 93, unapata 1,687 ukipandisha hadi tiketi nzima, maana hakuna nusu tiketi. Viti vilivyo wazi kuuzwa ni 2,400 tu, si 3,000. Mnahitaji kujaza asilimia 70 ya viti hivyo. Nambari hii ina maana kwa meneja wa ukumbi. 1,550 haikuwa na maana kwa yeyote.

Kisha ipinde uone inavunjikia wapi. Kama robo ya wanunuzi ni wanafunzi wa bei ya 70, tiketi yao inachangia 50.50 tu, wastani unashuka hadi takriban 82.40, na tiketi zinazohitajika zinapanda hadi 1,904, karibu asilimia 79 ya viti vilivyo wazi. Punguzo la wanafunzi ni uamuzi mzuri wa kisanaa na kijamii, lakini lina bei, na bei yake sasa unaijua.

Jaribu pia kupunguza maonyesho kutoka 10 hadi 8. Lazima kwanza uvunje zile 186,000: ipi inatumika kabla ya pazia kufunguliwa hata mara moja, na ipi inajirudia kila usiku. Tuseme 96,000 ni za mazoezi, mandhari, maleba na matangazo, na kila onyesho linakula 9,000 za malipo ya waigizaji, mafundi na ukumbi. Ukikata mawili unaokoa 18,000, na pia tiketi za bure zinapungua. Tiketi zinazohitajika zinashuka hadi 1,490. Vizuri? Viti vinavyouzika navyo vimeshuka hadi 1,840, na sasa unahitaji kujaza asilimia 81. Kwa hiyo kupunguza maonyesho kunasaidia tu ikiwa watu wale wale watakuja hata siku zikiwa chache. Hapo sasa umeingia kwenye usimamizi wa sanaa bila kubisha hodi.

Ndiyo maana nilikuambia ripoti isubiri. Mhadhiri wa sanaa hakukukataza nambari. Anataka kila nambari ishikane na uamuzi ambao mtu kwenye kikundi anaweza kuufanya. "Ziada ni 115,960" haina mtu ndani yake. "Igizo la nne lina bendi, linabeba 116 za kila tiketi ya msimu, na likiahirishwa kikundi kitadaiwa na watazamaji 400 jumla ya 46,400" ina mtu, ina onyesho, ina hatari. Andika hivyo.

Anza ripoti na lile kosa la benki, kwa sababu bodi nyingi za kweli hulifanya. Benki kuna 410,000. Toa 180,000 za warsha 12 ambazo hazijafanyika. Toa 123,200 za maigizo matatu yaliyolipiwa. Toa 27,840 za mtunzi. Zinabaki 78,960. Chukua matumizi ya kawaida ya mwezi kutoka kwenye hesabu zako. Kama ni 65,000, fedha huru zinatosha mwezi mmoja na siku chache. Ungemwambia mwenyekiti kwamba hali ni nzuri? Vikundi vinavyozama aghalabu vinazama kwa njia hii: tiketi za msimu ujao zinalipa madeni ya msimu uliopita, watu wanaona benki imejaa, na siku mauzo yakishuka hakuna fedha ya kuwapa waliokwisha kulipa maonyesho yao. Ambatanisha jedwali la fedha za kuingia na kutoka mwezi kwa mwezi, Januari hadi Juni, ukionyesha mwezi ambao salio linafika chini kabisa. Jedwali hilo moja lina uzito kuliko kurasa tatu za uwiano wa kifedha.

Utahitaji pia kueleza kwa nini kikundi kinategemea ruzuku. Usiandike kwamba sanaa ni muhimu kwa jamii. Bodi inalijua hilo. Mwaka 1966 wanauchumi William Baumol na William Bowen walieleza sababu ambayo bado inafundishwa. Kiwandani mfanyakazi mmoja huzalisha zaidi mashine zinapoboreka, lakini kupiga muziki wa ala nne za nyuzi kunahitaji watu walewale wanne na dakika zilezile kama zamani. Mishahara ya wasanii haina budi kufuata ya wengine, hivyo gharama ya onyesho hupanda kuliko bidhaa nyingine, na bei ya tiketi haiwezi kuifuata yote. Itumie hoja hiyo kueleza pengo, kisha lipime pengo lenyewe: mapato mliyojipatia wenyewe kwa tiketi, gawanya kwa matumizi yote. Usiitumie kama kisingizio cha bajeti mbovu, maana igizo ambalo viti vyake nusu vimebaki vitupu lina matatizo ambayo Baumol hahusiki nayo.

Sehemu fupi ya udhibiti wa mlangoni itakupa alama kwa wote wawili. Kwa kila onyesho viti lazima vifike 300: tuseme 214 vya tiketi za moja moja, 40 vya msimu, 20 vya bure, 26 vitupu. Kisha fedha: 214 mara 120 ni 25,680, ada asilimia 5 ni 1,284, benki iingie 24,396. Anayeuza asiwe ndiye anayelinganisha, na tiketi za bure zisainiwe na mtu mwenye jina na cheo, kwa sababu wizi wa mlangoni hujificha kwenye hizo.

Kuhusu wiki tatu: marekebisho na urari vimalizwe siku tano za kwanza, tiketi na jedwali la fedha siku nne zinazofuata, zilizobaki zote ni za kuandika na kuhakiki. Kwenye lahajedwali weka ukurasa mmoja wa data peke yake, bei, viti, asilimia, na kila hesabu ivute kutoka huko. Ukiandika 120 ndani ya fomula ishirini, siku bei ikibadilika utasahau moja. Weka pia seli moja ya ukaguzi: mali kutoa madeni kutoa mtaji wa kikundi, jibu liwe sifuri. Lisipokuwa sifuri, usichape.

Lahajedwali ya rafiki yako mrudishie. Acha suala la nidhamu, ambalo ni kubwa na unalijua. Faili hubeba jina la aliyelitengeneza na tarehe yake. Tena, wahadhiri hubadilisha muundo wa swali mwaka hadi mwaka, wala si tarakimu tu: kama mwaka jana maigizo yote yalikuwa na bei moja, fomula yake inagawanya kwa tano, na wewe ungewasilisha 80,000 ukiwa na uhakika kabisa. Mwombe jambo moja tu: akuambie maswali aliyoulizwa wakati wa kuitetea kazi yake mbele ya wahadhiri.